Damu Kuganda Mishipani: Tiba Ipo, Safari ya Kuifuata Ndiyo Ndefu

Katika ziara zetu kwenye sharika za wilaya za Mbulu na Hanang, kamati za diakonia zimekuwa zikituuliza juu ya wagonjwa wanaorudi nyumbani na vidonge walivyoambiwa wasiviache hata siku moja, na ambao kila baada ya wiki chache huomba nauli ya kurudi hospitali. Wazee wa kanisa wanauliza kwa haki kabisa: huu ni ugonjwa gani usiokwisha? Katika toleo hili tumeona tueleze tatizo la damu kuganda ndani ya mishipa, tiba zake, na kwa nini nauli hiyo ni sehemu ya tiba.

Ugonjwa wenyewe

Kuganda kwa damu peke yake si ugonjwa. Mtu akijikata kwa panga, kuganda huko ndiko kunakomwokoa. Shida huja pale damu inapoganda ndani ya mshipa, hasa vena kubwa za mguu na paja. Hutokea damu inapokaa mahali pamoja bila kutembea vizuri, ukuta wa mshipa unapoumia, au damu yenyewe inapokuwa nyepesi kuganda kuliko kawaida. Mama mjamzito hukaribiana na hali zote hizo kwa wakati mmoja, na hatari huwa kubwa zaidi katika wiki sita za kwanza baada ya kujifungua, hususan kama amejifungua kwa upasuaji. Wengine walio hatarini ni mtu aliyevunjika paja na kulala kitandani wiki nyingi, aliyefanyiwa upasuaji mkubwa, mwenye saratani, mwenye kifua kikuu au virusi vya UKIMWI. Hata kukaa kwenye basi kutwa nzima kwenda Dar es Salaam kunaongeza hatari kidogo kwa aliye na sababu nyingine tayari.

Dalili ya kawaida ni mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kwa wajawazito mara nyingi ni wa kushoto. Donge likikatika na kusafiri na damu hadi kwenye mapafu, mgonjwa hushindwa kupumua ghafla, huchomwa kifuani, pengine hukohoa damu au huzimia, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Huyo hasubiri asubuhi.

Hapa tunaomba tueleweke vizuri. Mguu uliovimba baada ya uzazi huku kwetu mara nyingi huitwa baridi, au husemwa kuna mkono wa mtu, na tiba ya kwanza huwa ni kuuchua kwa mafuta na kuuchanja. Kuchua mguu wenye donge la damu ni hatari, kwani donge laweza kung'oka. Kuchanja nako humletea shida mtu ambaye kesho yake ataanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda. Desturi ya kumweka mzazi ndani baada ya kujifungua hatuna ugomvi nayo. Mama anahitaji kupumzika na kunyonyesha kwa utulivu. Lakini kukaa ndani si lazima kuwe kulala. Anyanyuke, atembee chumbani na uani, anywe maji na uji wa kutosha.

Tiba zilizopo

Kipimo kinachothibitisha donge la mguuni ni altrasaundi. Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na ambayo leo ni ya rufaa ngazi ya mkoa, ndiyo wengi wa wagonjwa wetu hufikia. Zahanati kazi yake ni kutambua dalili na kumsafirisha mgonjwa mapema.

Dawa nyingi zinazotumika haziyeyushi donge. Zinalizuia lisikue na lingine lisitokee, huku mwili wenyewe ukilimeng'enya taratibu. Ndiyo maana tiba huchukua miezi, kwa kawaida isiyopungua mitatu, hata kama uvimbe umepungua wiki ya pili. Faida yake ilionekana wazi mwaka 1960 huko Bristol, Uingereza, ambako madaktari waliwagawa wagonjwa 35 wenye donge mapafuni katika makundi mawili. Kati ya 19 wasiopewa dawa, 5 walikufa kwa donge hilo. Kati ya 16 waliopewa, hakuna aliyekufa kwa sababu hiyo.

Tiba mara nyingi huanza na sindano ya heparini, ambayo hufanya kazi haraka. Aina yake mpya zaidi, kama enoksaparini, hupimwa kwa uzito wa mgonjwa na huchomwa chini ya ngozi, hata mgonjwa au ndugu anaweza kufundishwa kuichoma nyumbani. Kwa mjamzito sindano hizi ndizo salama, kwa sababu hazivuki kwenda kwa mtoto tumboni. Gharama yake kwa miezi mingi ni mzigo mzito kwa familia ya kawaida. Dawa za kuyeyusha donge moja kwa moja zipo pia, ila huweza kusababisha damu kuvuja hata kwenye ubongo, hivyo huwekwa kwa mgonjwa ambaye donge la mapafuni linakaribia kumwua.

Kisha kuna wafarini, kidonge cha bei nafuu, na historia yake wafugaji wa Hanang wataielewa kuliko wasomaji wengine. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani na Kanada walianza kufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu ya malisho yaliyoota ukungu. Februari 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alimpelekea mwanakemia Karl Link mtamba aliyekufa na chombo cha maziwa kilichojaa damu isiyoganda. Kutokana na majani yale kilipatikana kiini kilichozuia damu kuganda, na kutokana nacho ikatengenezwa wafarini, iliyouzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya. Kuanzia 1954 iliruhusiwa kwa binadamu, na mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alipewa baada ya kupata shambulio la moyo. Basi mgonjwa akiambiwa kilabuni kwamba anakunywa sumu ya panya, ajue kwamba kiini ni kilekile, kipimo ndicho tofauti.

Na kipimo ndilo suala lote. Kiasi kinachomtosha mmoja humzidi mwingine, kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara kwa kipimo kiitwacho INR, ambacho kwa mgonjwa wa donge hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Kikishuka, donge linarudi. Kikipanda sana, mgonjwa anavuja damu. Mchicha, majani ya maboga na sukuma wiki vina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa. Hatusemi viachwe, ila viliwe kwa kiasi kinachofanana kila wiki. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu yake pia, wakati metronidazo na septrini huipandisha. Asprini na diklofenaki, ambazo watu hununua dukani kama pipi, huongeza hatari ya kuvuja damu. Mjamzito hapewi wafarini kwa donge la aina hii, lakini anayenyonyesha anaweza kuitumia.

Vidonge vipya kama rivaroksabani havihitaji kipimo cha INR. Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Rivaroksabani ya kutibu donge humezwa pamoja na chakula, na haimfai mjamzito wala anayenyonyesha. Wapo wafadhili wanaouliza kwa nini tusihamie huko moja kwa moja. Bei ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni kwamba tuna wagonjwa wa moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki, ambao nao hutumia dawa za kuzuia damu kuganda. Utafiti uliotangazwa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha kuwa wagonjwa hao hufa kidogo zaidi wakitumia dawa za jamii ya wafarini kuliko rivaroksabani. Wafarini bado tutakuwa nayo.

Fedha ielekezwe wapi

Kidonge cha wafarini ni rahisi, safari ndiyo ghali. Anayetoka Yaeda Chini au Basotu wakati wa masika hupoteza siku mbili au tatu kwa kipimo kimoja, na anayekosa nauli mara mbili mfululizo huacha dawa. Kwa mgonjwa wa aina hiyo, kama hana ujauzito, hanyonyeshi na moyo wake ni mzima, kidonge kipya cha bei ya juu kinaweza kuwa nafuu ukijumlisha nauli, malazi na siku za shamba. Hesabu hiyo ifanywe na daktari pamoja na familia, na kamati iwe tayari kuchangia upande wowote watakaochagua.

Kwa wengine wote tunaona mashine ndogo za INR, zinazopima kwa tone la damu ya kidole, zingefaa kuwekwa kwenye vituo vya afya. Tunawaomba wafadhili wanaozifikiria wahesabu pia vipande vya kupimia vya miaka mitatu. Vipande hivyo vina tarehe ya mwisho, na mashine isiyo navyo ni pambo la kabati.

Kamati za sharika nazo ziwe na orodha ya wagonjwa hawa pamoja na tarehe ya kipimo kinachofuata, kama ilivyoandikwa kwenye kadi zao. Siku moja kabla ya safari mtu apige simu maabara kuhakikisha kipimo kinafanyika, ndipo nauli itolewe.