Bunduki Inayotazama

Msomaji wetu mmoja wa Tanga, mzee aliyejitambulisha kwa ucheshi kuwa ni mstaafu ambaye wajukuu hawajampa ruhusa ya kustaafu, ameniletea swali ambalo nimelizungusha kichwani kwa furaha kuliko maswali yote niliyopokea mwaka huu. Anasema kwamba mjukuu wake wa miaka tisa, akipekuapekua stoo wakati wa likizo, alizuka na boksi lililojaa vumbi, na ndani yake mlikuwa na mashine ya gemu za kaseti iliyonunuliwa katika miaka ya 1990, pedi mbili za waya, na bastola ya plastiki. Kwamba kwa msaada wa fundi wa mtaani mashine ile ilichomekwa kwenye televisheni bapa ya sebuleni kwa ule waya wa manjano, nyeupe na nyekundu, ikawaka, muziki ukalia, na bata wakaruka. Walakini mtoto alipiga risasi tangu alasiri hata adhana ya magharibi, na hakuna bata hata mmoja aliyeanguka, na kila alipokosa, yule mbwa wa kwenye gemu alichomoza kichwa nyasini akamcheka. "Je, mwanangu," ananiuliza, "bunduki hii imekufa? Na kama imekufa, mbona zamani mama yake mtoto huyu alikuwa akiua bata mpaka tunamnyang'anya?"

Katika barua hiyohiyo mna vijambo ambavyo mzee amevitaja kwa kupitia tu, nami sikuweza kuvipita. Mtoto, kabla ya kuishika bastola, alikwenda moja kwa moja kwenye kioo akamgusa bata kwa kidole. Alipoona bata hajali, aliuliza gemu hii inakula bando kiasi gani, na alipoambiwa haili chochote hakuamini, akakaa akingoja matangazo. Jamaa wote walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kidole kile kilikuwa na hoja: mtoto aliyezaliwa katika zama za simu za kugusa anajua kwamba kioo huhisi, na kwa hiyo haoni ajabu kwamba mashine ijue mahali alipoelekeza silaha yake. Sisi tuliokua na vioo visivyohisi kitu, ambavyo ungeweza kuvigonga, kuvifuta na kuvibusu visijue, ndio tuliopaswa kushangaa, na hatukushangaa. Tulipiga bata, tukagombea zamu, tukaitwa kula.

Sitapoteza karatasi kueleza elektroni ni kitu gani, kwa kuwa vitabu vya sekondari vimeshiba maelezo hayo hata vimewachosha watoto. Wala sitakaa sana na tarehe: kampuni ya Nintendo ilitoa mashine yake ya nyumbani huko Japani mwaka 1983, gemu ya bata, Duck Hunt, ikafuata mwaka 1984, na mwaka 1985 ikaingia Marekani pamoja na bastola yake, lakini mashine tulizoziona wengi wetu huku pwani zilikuwa nakala za bei nafuu kutoka Asia, ambazo waigaji wake waliiga kila kitu ila jina. Wazo lenyewe ni la kale zaidi. Katika miaka ya 1950 askari wa anga wa Marekani, waliokaa gizani mbele ya vioo vya rada, walikuwa na bastola za jinsi hii mikononi, wakizielekeza kwenye nukta ya ndege wanayoitaka ili kompyuta ijue ni ndege ipi wanayoiulizia. Kwa hiyo mjukuu wa Tanga ameshika mjukuu wa chombo cha vita.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Bastola ile haipigi kitu. Hakuna mwali unaotoka mdomoni mwake, wala risasi, wala wimbi, wala upepo. Ukiichungulia tunduni utaona kigae cha lenzi, na nyuma ya lenzi kipo kidude kidogo chenye kazi moja tu duniani, nayo ni kuhisi mwanga. Kitu tunachokiita bunduki ni jicho, hakitoi, hupokea. Tena ni jicho duni mno, lisiloona sura wala rangi wala umbo la bata, bali hujua tu kwamba mbele yake kuna mwangaza au hakuna.

Hapa ndipo lugha yetu inaponipa taabu, na naomba msomaji anivumilie. Wengi huiita "bunduki ya mwanga", jina ambalo lina kasoro mbili: kwanza hudokeza kwamba mwanga hutoka ndani yake, nalo ni kinyume cha ukweli, pili, kwa watu wa Tanga na Pemba mwanga ni yule mtu wa usiku anayezunguka nyumba za watu kwa nia mbaya, na mzee wetu akimwambia jirani kwamba mjukuu amekutwa na bunduki ya mwanga stoo, hapana shaka nyumba itafukizwa ubani kabla ya jua kuchwa. "Bunduki ya nuru" huiondoa kasoro ya pili na kuiacha ya kwanza. Nimejiuliza kama tusingeweza kufuata njia ya neno runinga, ambalo wengi humnasibishia Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu, na ambalo wafafanuzi husema ndani yake mmejificha maninga, yaani macho katika lugha ya washairi wa kale. Kama runinga ina maninga, basi silaha hii yenye jicho moja na iitwe bunduki-ninga. Na lililonifanya nilirukie jina hili kwa shangwe ni kwamba ninga, kwa Kiswahili cha kila siku cha watu wa mashambani, ni ndege wa kijani wa jamaa ya njiwa, ambaye watoto wamemwinda kwa manati tangu enzi. Basi jicho na ndege wamekaa katika neno moja, mwindaji na windo. Mhariri wangu halipendi. Mimi nitalitumia.

Basi jicho lisilojua sura lilitambuaje bata? Msomaji na afikiri usiku wa giza, mwezi haujatoka, na baharini mbele ya kijiji kuna ngalawa za wavuvi wa dagaa, kila moja na karabai yake. Na ufukweni ameketi mzee mmoja mwenye jicho moja tu linaloona, na hilo nalo amelibandika kwenye kipande cha mwanzi, hata haoni ila kiduara cha ukubwa wa sarafu. Mwanzi ameuelekeza kwenye ngalawa mojawapo. Sisi tuliosimama nyuma yake twataka kujua ni ipi, naye hawezi kutuambia, kwa kuwa hajui majina ya ngalawa, hajui kulia wala kushoto, wala hana neno kinywani ila moja: "Naona." Mtu mwenye neno moja ataulizwaje hata jawabu lake litoshe?

Hikima yake ni hii. Tunaafikiana na manahodha kwamba baragumu likilia, wote wafunike karabai zao kwa vikapu, bahari iwe giza tupu kwa muda wa hesabu moja; kisha ngalawa ya kwanza ifunue taa yake kwa hesabu moja, ifunike; kisha ya pili ifunue, ifunike; na hivyo hivyo hata ya mwisho. Mzee hana la kufanya ila kusema "Naona" pale atakapoona. Akisema katika hesabu ya kwanza, twajua ameelekea ngalawa ya kwanza. Akisema katika ya pili, ni ya pili. Akinyamaza hata mwisho, alikuwa akitazama maji. Mahali pamegeuzwa kuwa wakati. Yeye hakujifunza kitu, angali mzee mwenye neno moja, lakini sisi tuliopanga zamu tumejua kila kitu.

Na ile hesabu ya giza ni ya nini? Ni ya kumkamata mwongo. Ikiwa mzee ameuelekeza mwanzi kwenye moto wa jirani, atapaza sauti "Naona" hata wakati karabai zote zimefunikwa, nasi tutajua kwamba ushahidi wake hauna maana. Katika utoto wetu tuliapizana kwamba ukiilenga balbu ya dari bata wote huanguka. Nililenga balbu, nikafyatua mara tatu, na mbwa akanicheka; sasa najua kwamba nilinaswa na hesabu ya giza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno. Ukifyatua, mashine huifanya televisheni kuwa nyeusi kabisa kwa picha moja. Katika picha inayofuata huchora mraba mweupe mahali alipo bata wa kwanza, na kama bata ni wawili, katika picha ya tatu mraba huhamia kwa bata wa pili. Katika mfumo wa televisheni uliotumika Kenya na Tanzania, picha zilipita 50 kwa kila sekunde, kwa hiyo mambo yote haya, giza, ngalawa ya kwanza na ngalawa ya pili, yalikwisha katika sehemu sita za mia za sekunde, nawe ukaona mmweko tu ukadhani ni moto wa risasi yako.

Limebaki moja, nalo ndilo kisa cha huko Tanga. Kioo cha ile televisheni ya chogo, kama vijana wanavyoiita kwa sababu ya kisogo chake kilichotokeza nyuma, hakikuwaka chote kwa pamoja hata siku moja. Ndani ya chogo mlikuwa na mshale wa elektroni, kizazi cha chombo alichokiunda Karl Ferdinand Braun mwaka 1897, ukiandika juu ya unga unaong'aa, mstari baada ya mstari, kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini, mistari 15,625 katika kila sekunde, na kila doa liliwaka mshale ulipoligusa kisha likaanza kufifia palepale. Picha kamili haikuwapo juu ya kioo; ilikuwapo machoni petu tu, kwa uzito wa macho yetu. Bunduki-ninga, iliyokuwa na macho mepesi kuliko sisi, haikuona mraba mweupe uliotulia, bali iliona mapigo, pu-pu-pu, kwa kasi ya mistari ile, na ndani yake mliwekwa sakiti ndogo iliyoagizwa isikubali mwanga wowote usiodunda kwa kasi hiyo. Ni kana kwamba manahodha wetu wangepepea ungo mbele ya karabai, na mzee akafundishwa kwamba taa isiyopepewa si taa. Nakala nyingine za bei nafuu zilipunguza sakiti hii, nazo zina visa vyake, lakini tuviache.

Televisheni bapa huvunja miadi yote miwili. Taa yake ya nyuma huwaka mfululizo kwa jinsi yake, haidundi kwa mistari. Na picha inapowasili kutoka kwenye mashine ya kale, televisheni haiioneshi mara moja, bali huishika, huipima, huitanua ijaze kioo kipana, huipaka rangi upya, na kazi hiyo aghalabu hula makumi ya sehemu za elfu za sekunde. Ni nahodha ambaye, baragumu likilia, hukusanya mabaharia wake wafanye shauri kwanza. Anapofunua karabai, mzee amekwisha kunyamaza, daftari limefungwa, na jawabu lililoandikwa ni "amekosa". Mtoto wa Tanga alilenga sawasawa, nina yakini, na bata alikuwa pale alipomwona. Ila mraba mweupe ulifika msiba umekwisha kuanuliwa.

Kwa hiyo bunduki haikufa, mzee wangu. Imefiwa. Ilitengenezwa kuwa nusu ya kitu, na nusu ya pili ni lile chogo ambalo nyumba nyingi ziliendelea kulitumia kwa king'amuzi hata baada ya mitambo ya analojia kuzimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, kisha likauzwa kwa kilo. Kaseti usimwache mtoto aipulize, kama tulivyopuliza sisi kwa imani kubwa, kwani mate huozesha zile bati za shaba, na lililokuwa likiponya ni kuichomoa na kuichomeka upya. Futa kwa pamba na spiriti. Kisha ulizia chogo lolote linalowaka, kwa jamaa, kwa jirani, au kwa yule fundi aliyekusaidia, wala asilifungue mtoto, kwa maana ndani yake hukaa umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Nakuomba ufanye hima, kwa sababu waokota vyuma chakavu nao wanayatafuta machogo hayo, na wao hupenda shaba iliyoviringishwa shingoni mwa kioo. Wakikutangulia, hutakuta cha kuchomekea waya.