Je, Kila Mwenye Ndevu ni Gaidi?

Mwaka 2007 polisi wa mji wa New York, Marekani, walitoa kitabu cha kuwaonyesha askari jinsi kijana wa Kiislamu anavyogeuka kidogo kidogo mpaka kuwa gaidi. Baadhi ya dalili walizoandika ni hizi: ameacha sigara, ameacha pombe na kamari, amefuga ndevu, amevaa mavazi ya Kiislamu, ameanza kushughulikia mambo ya watu wa mtaa wake.

Ndugu msomaji, hebu tukilete kitabu hicho hapa kwetu Kikwajuni, siku ya Ijumaa saa sita na nusu mchana. Kutoka Kikwajuni Juu mpaka Bondeni utakutana na wanaume wenye kanzu na kofia, wazee kwa vijana, na ndevu za kila namna. Askari atamkamata nani, amwache nani? Na huyo askari naye, akivua sare zake, yumo njiani kwenda msikitini. Katika visiwa hivi karibu watu wote ni Waislamu, na sisi Wakristu tu wachache sana. Alama inayowaenea watu wote si alama hata kidogo.

Huko Marekani mambo hayakuishia katika kitabu hicho. Mwezi wa Septemba 2011 magazeti yalifunua masomo waliyokuwa wakipewa wapelelezi wa serikali, wale waitwao FBI, katika chuo chao cha Quantico. Walifundishwa kwamba Mwislamu wa kawaida, kadiri anavyoishika dini yake, ndivyo anavyozidi kuelekea kwenye fujo. Walifundishwa pia kwamba zaka ni njia ya kukusanya fedha za vita. Nyinyi mnaotoa zaka na sadaka parokiani mwaweza kuelewa ubaya wa maneno hayo. Ni kama mtu apite kanisani wakati wa sadaka, auone mfuko unazungushwa, kisha aende kusema kwamba Wakatoliki wananunua bunduki.

Katika chuo kimoja cha maofisa wa jeshi, huko Norfolk, mwalimu mmoja alifika mbali zaidi. Aliwafundisha maofisa kwamba vita ni juu ya Uislamu wenyewe, na kwamba hata Makka na Madina yaweza kuteketezwa kama ilivyoteketezwa Hiroshima. Mwaka 2012 mkuu wa majeshi yao, Jenerali Dempsey, alilisimamisha somo hilo na kulilaani hadharani. FBI nao wakapitia mafunzo yao na kuondoa mamia ya kurasa. Huko New York ikajulikana kwamba askari zaidi ya elfu moja walikuwa wameonyeshwa filamu ya kuwatia hofu ya Waislamu, na mkuu wa polisi wa mji akajutia kushiriki kwake katika filamu hiyo.

Huenda msomaji wa Sumbawanga au Peramiho akauliza: sisi Wakatoliki yatuhusu nini hayo?

Yatuhusu, na sisi wa Zanzibar yatuhusu kuliko wengine. Siku ya Krismasi ya mwaka 2012 Padre Ambrose Mkenda alipigwa risasi, akajeruhiwa vibaya. Jumapili tarehe 17 Februari 2013 Padre Evarist Mushi, paroko wa Minara Miwili, aliuawa kwa risasi alipokuwa akifika kusoma Misa. Tarehe 5 Mei mwaka ule ule bomu lilirushwa katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, Arusha, na waamini watatu wakafa. Basi hatuandiki haya kama watu wasiojua uchungu wa mambo hayo. Twataka wauaji wakamatwe, na polisi wafundishwe vizuri, tena sana. Lakini tusisahau kwamba mwezi wa Novemba 2012, kabla mapadre hawajaguswa, Shehe Fadhil Soraga, katibu wa Mufti wa Zanzibar, alimwagiwa tindikali usoni alipokuwa akifanya mazoezi asubuhi. Yeye naye ana kanzu na ndevu. Kwa kitabu kile cha New York angehesabiwa katika kundi moja na waliomwumiza.

Sasa tutazame kazi ya polisi yenyewe. Habari za mhalifu hazitoki mbinguni, hutoka kwa mama yake, kwa mwenye nyumba aliyompangisha, kwa muuza duka. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye silaha waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi Wakristu waliotengwa na wenzao. Mmoja wa wauaji alikuwa kijana aliyesoma sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa serikali huko Mandera. Baba yake, Mwislamu, alikuwa amekwisha kuwaarifu wakubwa kwamba mwanawe ametoweka na hajulikani aliko. Baba kumshtaki mwanawe mwenyewe kwa serikali! Nani mwingine angeweza kuwapa habari hiyo? Lakini askari aliyefundishwa kwamba baba na mtoto wote ni namna moja, atamsikiliza baba huyo kwa sikio gani? Na baba wa pili, akiona jinsi wa kwanza alivyotazamwa, atakwenda?

Mwaka mmoja kabla ya Garissa, mwezi wa Aprili 2014, serikali ya Kenya ilipeleka maelfu ya askari mtaa wa Eastleigh, Nairobi, kutafuta magaidi. Walikamatwa watu karibu 4,000, wengi Wasomali, na wengi wao wakafungiwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Wakaguzi wa polisi, waliowekwa na serikali yenyewe, waliandika juu ya rushwa na vyumba vilivyojaa kupita kiasi. Mtu mwenye fedha alitoka, maskini alibaki. Hapo nyuma, mwaka 2003, Kenya ilikuwa imetunga muswada uliotaka hata nguo za mtu zitoshe kumtia katika shaka ya ugaidi. Watu wakaupinga, ukaachwa.

Kwetu Tanzania Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilipitishwa mwaka 2002, na kosa hilo halina dhamana. Mashehe wa Jumuiya ya Uamsho wa hapa Zanzibar walishtakiwa kwa ugaidi mwaka 2014, wakakaa rumande Bara takriban miaka saba bila hukumu, mpaka Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyafuta mashtaka hayo. Mimi sikuyapenda mahubiri ya Uamsho, na Wakristu wengi wa hapa hawakuyapenda. Lakini kama ushahidi upo, na usomwe mahakamani. Na kama haupo, miaka saba ni mingi sana katika maisha ya mtu na ya watoto wake.

Dalili za kweli zipo, nazo zaweza kufundishwa. Bomu lililopasuka kwenye ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti 1998, lilitengenezwa katika nyumba ya kupanga huko Ilala. Wenyewe walinunua lori, wakaleta mitungi ya gesi na baruti, wakazipakia humo. Lori na mitungi na baruti ndivyo vilivyowaua watu 11, wengi wao Watanzania wenye majina ya Kiislamu waliokuwa kazini asubuhi ile. Polisi aliyefundishwa kuuliza mitungi hii ni ya kazi gani, na nani amelipa kodi ya nyumba, ana faida kuliko yule anayehesabu ndevu.

Polisi wa New York walikuwa na kikosi maalum cha kuzunguka misikitini na mikahawani, kuandika nani anakula wapi na anazungumza nini. Mwaka 2012 ofisa wao mkubwa aliulizwa kwa kiapo. Akakiri kwamba katika miaka yake yote, zaidi ya sita, maandiko ya kikosi hicho hayakuwa yameanzisha upelelezi wa gaidi hata mmoja. Kikosi kikavunjwa Aprili 2014, mwezi ule ule ambao watu wa Eastleigh walikuwa wamefungiwa Kasarani.