Reale ya Fedha Kwenye Picha ya Simu



Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, alitujia mama mmoja na kifuko cha kitambaa. Ndani yake mlikuwamo reale tano alizozinunua kwa kuziona kwenye picha za simu tu, ili zitiwe katika kidani cha binti yake anayekaribia kuolewa. Muuzaji alimwambia kuwa ni adimu, za mwaka 1780, ingawa hazikuwa na cheti cha mtaalamu yeyote. Sonara alipozipima, mbili zilikuwa fedha na tatu za bandia. Muuzaji hapokei tena simu. Mama akatuuliza: "Sheikh, je, nami naweza kuziuza kama nilivyouziwa, angalau nirudishe pesa zangu?"

Kabla ya jibu, na tuitazame reale yenyewe, kwani nyumba nyingi za mwambao wetu zimeirithi moja au mbili.

Sura iliyomo ni ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Baada ya kufa kwake reale hizi ziliendelea kuchapwa kwa tarehe ileile, Vienna, na baadaye hata London, Roma na Bombay, kwa kuwa wafanyabiashara wa pande za Bahari ya Shamu na Uhabeshi walikwisha kuizoea na kuiamini sura hiyo. Kwa hiyo tarehe 1780 si ushahidi wa umri. Reale iliyochapwa karne iliyopita yaweza kuwa fedha ya kweli, lakini si adimu. Anayekutoza bei ya ukongwe kwa tarehe hiyo peke yake, ama hajui, ama anakuhadaa.

Jambo la pili ni uzito. Reale sahihi ina gramu 28 na kitu kidogo, upana wa takriban milimita 40, na fedha sehemu 833 katika kila 1000. Iliyobaki ni shaba. Mtake muuzaji akupigie picha ya reale ikiwa juu ya mizani, kando yake karatasi yenye tarehe ya siku hiyo, ili ujue kwamba anayo mkononi. Ikikufikia, weka gilasi ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha itumbukize reale kwa uzi pasi na kugusa kitako cha gilasi. Mizani itaonyesha takriban gramu 2.75. Ikifika 3 na zaidi, madini hayo ni mepesi kuliko fedha.

La tatu ni ubavu. Wauzaji wengi huonyesha nyuso mbili tu. Reale ya kweli ina maandishi ya Kilatini yaliyoinuka kuzunguka ubavu wake, yenye maana ya uadilifu na huruma. Ya bandia iliyomiminwa katika kalibu mara nyingi huwa na mshono ubavuni, vitundu vya mapovu usoni, na herufi zilizofifia. Sumaku haiivuti fedha, lakini haiivuti shaba pia. Usiridhike nayo peke yake.

La nne ni hali yake. Tazama sehemu zilizoinuka: nywele za malkia, bruchi ya begani na manyoya ya tai. Zikiwa zimelainika, reale imechakaa. Tundu au alama ya kulehemu kitanzi hushusha bei kwa mkusanyaji, ijapokuwa haimdhuru atakaye kidani. Nawe unayeuza, usiisugue kwa majivu na limau. Weusi wa miaka mkusanyaji huuthamini, na mikwaruzo haifutiki.

Tena kuna jambo la dini. Wanazuoni wengi wa zama hizi huzipa pesa za karatasi hukumu ya dhahabu na fedha, hivyo hutaka kununua fedha kuwe mkono kwa mkono. Basi picha iwe ya kuchagulia tu. Mkutane kwa sonara, ipimwe, ulipe na uipokee papo hapo. Hapo dini na usalama wako vimekuwa kitu kimoja.

Sasa jibu. Tulimwambia: "Mama, haifai. Aliyekudhulumu ni mmoja, na utakayemuuzia hajakukosea. Una haki ya kumrudishia muuzaji bidhaa yenye kasoro na kudai chako. Hifadhi ujumbe wake na risiti ya malipo, uvipeleke polisi. Ukiziuza, sema waziwazi kuwa si fedha, kwa bei ya kitu kisicho fedha."

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba moja ataiweka kwa ajili ya polisi, na mbili atamwomba sonara azikate kati, zisije zikamfikia mtoto wa mwenziwe. Kidani cha binti yake kitakuwa na reale mbili. Zote mbili ni za kweli.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na atulinde na hadaa. Wabillahi tawfiq.