Uzito wa Mama na Uzito wa Mwana: Si Lawama, ni Amana

Sifa zote njema zamstahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Majuma machache yaliyopita, baada ya darsa ya akina mama kumalizika, mama mmoja alibaki nyuma pamoja na bintiye wa miaka kumi na mmoja. Binti huyo alikuwa amekataa katakata kurudi chuoni. Wenziwe walikuwa wamempachika jina kwa ajili ya unene wake, jina ambalo hatutaliandika hapa. Mama alisema nasi machozi yakimlengalenga: "Maalim, mawifi na mama mkwe wasema ni mimi niliyemharibu mtoto, kwa kuwa nami ni mnene. Je, ni kweli nimemdhulumu mwanangu?"

Tulimliwaza kwa maneno tuliyokuwa nayo siku ile, tukamwahidi jibu lililo bora zaidi. Tumesoma, tumewauliza wajuzi wa tiba, na leo twalileta jibu hilo mbele ya wasomaji wote, kwani si yeye peke yake mwenye swali hili.

Wasemavyo wataalamu

Uzito wa mtu mzima hupimwa kwa kuugawanya kwa urefu wake uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 huhesabiwa kuwa uzito wake umezidi akifikapo kilo 64, na huitwa mnene kupita kiasi akifikapo kilo 77 hivi. Hicho ndicho kipimo cha Shirika la Afya Duniani.

Kwamba unene huandamana na nasaba ni jambo lililothibitika. Mwaka 1997, huko Marekani, daktari Robert Whitaker na wenziwe walionesha kuwa mtoto wa chini ya miaka 10 aliye na mzazi mnene kupita kiasi ana uwezekano zaidi ya maradufu wa kuwa mnene ukubwani, awe yeye mwenyewe ni mnene utotoni au si mnene. Twamwomba msomaji alizingatie neno mzazi. Hawakusema mama pekee. Baba naye yumo katika hesabu.

Njia za kurithi ni tatu. Ya kwanza ni maumbile: kuna watu walioumbwa na hamu kubwa ya chakula, au miili yao huhifadhi mafuta upesi kuliko mingine. Katika hili hakuna wa kulaumiwa.

Njia ya pili ni tumbo la uzazi. Sukari iliyozidi katika damu ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ilhali insulini ya mama haipiti. Mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi, nayo humfanya ahifadhi mafuta angali tumboni. Ndiyo sababu mama mwenye kisukari cha uja uzito kisichodhibitiwa huzaa aghalabu mtoto mkubwa kuliko kawaida. Huko Kanada, wataalamu waliwalinganisha watoto wa akina mama waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza unene. Waliozaliwa baada ya mama kupungua walionekana kuwa na unene mdogo kuliko waliozaliwa kabla. Mama ni yule yule, nasaba ni ile ile, bali hali ya tumbo ilibadilika.

Wala asidhani mtu kwamba dawa yake ni mama kujikondesha. Katika njaa kuu iliyowapata Waholanzi majira ya baridi ya 1944 na 1945, wavulana ambao mama zao walishikwa na njaa katika nusu ya kwanza ya mimba walikutwa na unene mwingi zaidi walipofika umri wa miaka 19. Hapo tutaona hekima ya sheria yetu, iliyompa mja mzito anayejihofia au kumhofia mwanawe ruhusa ya kutofunga Ramadhani. Asiyeichukua ruhusa hiyo ilhali anaihitaji hajaongeza uchamungu wowote.

Njia ya tatu ni nyumba yenyewe, na hii ndiyo tuliyo na uwezo nayo zaidi. Wazee wetu walisema kuwa mtoto hutazama kisogo cha nina. Alacho mama ndicho alacho mtoto, na aketipo mama ndipo aketipo mtoto. Mwaka 2018, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 24,289 waliozaliwa na wauguzi wa Marekani. Watoto ambao mama zao walishika mambo matano walikuwa na hatari ya unene iliyopungua kwa asilimia 75, wakilinganishwa na wale ambao mama zao hawakushika hata moja. Mambo yenyewe ni chakula bora, uzito wa wastani, mazoezi ya angalau dakika 150 kwa juma, na kutovuta sigara. La tano lilihusu kiasi cha pombe, nalo kwetu limekwisha kukatiwa hukumu karne kumi na nne zilizopita.

Hali ya nyumba zetu

Katika uchunguzi wa afya ya jamii nchini Kenya wa 2008 na 2009, robo ya wanawake walikuwa na uzito uliozidi au unene. Ulipofanywa tena mwaka 2014, walifika thuluthi moja. Wakati huo huo, uchunguzi wa 2022 ulionesha kuwa watoto 18 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na hapa kwetu Kilifi ni 37 katika kila 100. Hapana ajabu basi kumkuta mama mnene na mtoto aliyedumaa chini ya dari moja. Chakula kingi si lazima kiwe chakula bora. Mahamri, chai ya maziwa yenye sukari tele, viazi karai na soda hulijaza tumbo bila ya kuujenga mwili.

Tena tuna ada zetu. Bibi arusi akinenepa, watu husema mumewe amtunza vyema. Akikonda, mume husengenywa. Mzazi aliye katika arobaini hulishwa kana kwamba wanakula wawili hata baada ya mtoto kuzaliwa. Kumtunza mzazi ni jambo jema, nasi hatutaki ada hiyo ife. Twataka tu samaki, mboga na matunda vipate nafasi kwenye sinia yake, na baada ya arobaini ainuke atembee.

Adabu ya kusema juu ya miili ya watu

Sasa turejee kwa wale mawifi. Bibi Sauda (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mwanamke mwenye mwili mkubwa na mwendo mzito. Katika Hija aliomba ruhusa ya kuondoka Muzdalifa mapema kabla ya msongamano wa watu, na Mtume akamruhusu. Hakumkejeli wala hakumkaripia, alimfanyia wepesi. Na Bibi Aisha (r.a.) asimulia kwamba alishindana mbio na Mtume, akamshinda. Siku zilipopita naye akaongezeka mwili, walishindana tena, mara hii Mtume akatangulia, akafanya mzaha kuwa sasa wamelipana. Mume alimwona mkewe ameongezeka uzito. Akamwalika mbio, wakacheka pamoja.

Waume wa leo, tujipime kwa kipimo hicho. Tuko tunaowatisha wake zetu kwa ukewenza kwa sababu ya unene, ilhali kapu la soko ni sisi tulijazalo. Ni sisi turudio usiku na mfuko wa chipsi na chupa kubwa ya soda, na ni sisi tuwazuiao wake zetu kutoka kutembea, kisha tukawaambia wamevimba. Asiyetoa njia hana haki ya kulaumu mwendo.

La kufanya

Mwanamke anayetarajia kushika mimba na akaupunguza uzito wake kidogo kidogo kabla ya hapo, amemtangulizia mwanawe kheri. Akishashika mimba, asijikondeshe. Aende kliniki mapema, apimwe sukari, aulize aongezeke kiasi gani. Mwenye uzito wa wastani huhitaji kuongezeka kilo 11.5 hadi 16. Aliye mnene kupita kiasi zamtosha kilo 5 hadi 9.

Akizaa, anyonyeshe maziwa yake matupu kwa miezi sita, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili kamili, ambayo Qur'ani imeitaja kwa mwenye kutaka kutimiza kunyonyesha.

Watoto wasilazimishwe kumaliza sahani, wala chakula kisifanywe hongo. Soda iwe ya sikukuu. Siku nyingine madafu, ukwaju usiotiwa sukari nyingi, na maji. Mtoto mnene asinyimwe chakula: anakua bado, na mara nyingi yatosha uzito wake usimame huku kimo kikipanda. Nyumba nzima ibadilike pamoja naye, asitengwe kwa sahani yake pekee. Na baada ya sala ya Alfajiri, mume amchukue mkewe na watoto watembee ufuoni au mitaani nusu saa. Siku tano kwa juma hutimiza zile dakika 150.

Kwa yule mama, jibu letu ni hili. Hukumdhulumu mwanao. Umbo lako si dhambi, na sehemu kubwa ya jambo hili haikuwa mikononi mwako. Ila iliyo mikononi mwako, na mwa baba yake, na mwa bibi yake anayekulaumu, ni amana ya nyinyi nyote.

Nasi tuna letu la kukiri. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiwazawadia watoto soda na biskuti kila wakhitimupo juzuu, na majina ya kejeli tuliyasikia barazani mwa chuo tukadhani ni michezo ya watoto, ilhali Suratul Hujurat imekataza kuitana kwa majina mabaya. Sasa zawadi ni kalamu, vitabu na tende, na anayemwita mwenziwe kwa umbo lake huketi kando hadi amtake radhi. Binti amerudi. Juma lililopita alisoma Suratul Mulk kwa moyo mbele ya wenziwe, na mamake alikuwa nyuma ya pazia akimsikiliza.

Twamwomba Allah aturuzuku siha katika miili yetu na ya vizazi vyetu, na atuwezeshe kuzichunga amana zetu. Amin.