Je, hata chembe ya mchanga ina fahamu?

Mwezi Juni mwaka 2023, mjini New York, mtaalamu wa ubongo Christof Koch alipanda jukwaani mbele ya wanasayansi wenzake na kumkabidhi mwanafalsafa wa Australia, David Chalmers, sanduku la mvinyo. Lilikuwa deni la miaka 25. Mwaka 1998, katika mji wa Bremen nchini Ujerumani, wawili hao waliwekeana dau: Koch alidai kwamba robo karne haitapita kabla sayansi haijaonyesha namna ubongo unavyozalisha fahamu, naye Chalmers akashikilia kuwa fumbo hilo halitafumbuliwa katika muda huo. Aliyelipa ni mwanasayansi.

Fahamu inayozungumzwa hapa si elimu, wala si werevu. Ni ile hali ya kuhisi kutoka ndani: maumivu ya jino usiku wa manane, harufu ya karafuu zilizoanikwa, wekundu wa jua linapotua. Kiswahili chaiweka bayana, kwani aliyezirai husemwa amepoteza fahamu, na akizinduka, fahamu zimemrejea. Madaktari wameijua njia ya kuiondoa tangu mwaka 1846, mgonjwa alipopasuliwa hadharani mjini Boston, Marekani, baada ya kuvuta mvuke wa etha. Hii leo kupewa nusukaputi na kuamka salama ni jambo la kawaida. Lakini kwa nini mkusanyiko wa seli na kemikali uhisi chochote, badala ya kufanya kazi zake gizani kama saa ya ukutani? Hilo ndilo swali ambalo Chalmers, mwaka 1995, alilipa jina la tatizo gumu.

Miongoni mwa majibu yanayotolewa, mojawapo huwashangaza wengi walisikiapo kwa mara ya kwanza. Linaitwa pansaikizimu, yaani rai kwamba fahamu haikuzuka ghafla pale ubongo ulipotokea duniani, bali ni sifa ya msingi ya maada yote na nishati yote, kama ulivyo uzito au chaji ya umeme. Kwa mujibu wa rai hiyo, hata elektroni ina chembe ya hisia, japo hafifu kiasi cha kutoweza kufikirika.

Msikilizaji asije akadhani kwamba wanafalsafa hao wanasema mawe huwaza au viti huchoka kukaliwa. Wengi wao hukanusha jambo hilo. Jiwe, wasema, ni lundo tu. Umati uliojaa uwanja wa mpira hauumwi kichwa, ingawa kila mmoja aliyemo anaweza kuumwa na chake.

Hoja yao yenye nguvu zaidi haikutoka kwenye ndoto wala ulozi, bali kwenye fizikia yenyewe. Mwaka 1623 Galileo Galilei alifundisha kwamba maumbile yasomwe kwa lugha ya hisabati. Umbo, ukubwa na mwendo vingepimwa. Rangi, ladha na harufu aliviweka ndani ya kiumbe anayehisi, nje ya hesabu. Mpango huo ulifanikiwa mno. Mwanafalsafa Philip Goff wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 2019, anasema kwamba hapo ndipo tatizo lilipozaliwa: sayansi iliyoanza kwa kuitoa hisia nje ya mlango haiwezi kustaajabu inapoikosa ndani ya nyumba.

Kabla yake, Waingereza wengine wawili walikuwa wameligusa jambo hilo. Mmoja ni Bertrand Russell, katika kitabu chake cha mwaka 1927. Wa pili ni mnajimu Arthur Eddington, yule aliyesafiri mwaka 1919 hadi kisiwa cha Príncipe, magharibi mwa Afrika, kutazama kupatwa kwa jua na kuthibitisha nadharia ya Einstein. Waliona kwamba fizikia hueleza maada inafanya nini, lakini haisemi ni nini. Muulize mwanafizikia elektroni ni kitu gani. Atajibu kuwa ina uzito kiasi fulani, kwamba huisukuma elektroni nyenzake na kuvutwa na protoni. Hayo yote ni matendo. Kinachotenda ni nini, mlinganyo haujibu. Na katika ulimwengu mzima kipo kipande kimoja tu cha maada ambacho binadamu hukijua kutoka ndani, nacho ni ubongo wake mwenyewe. Na humo anakuta hisia. Kwa nini basi, wauliza watetezi wa rai hii, tudhani kwamba maada nyingine ni kavu kabisa?

Fikira yenyewe ni kongwe. Thales wa Mileto alinasibiwa kusema kuwa sumaku ina roho kwa sababu huvuta chuma, na Giordano Bruno, aliyechomwa moto mjini Rome mwaka 1600 kwa mashtaka kadhaa ya uzushi, aliamini kuwa ulimwengu mzima una uhai.

Mara nyingi husemwa pia kwamba Waafrika wameliamini jambo hili tangu enzi. Dai hilo lahitaji hadhari. Padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga nchini Kongo, aliandika mwaka 1945 kwamba kwa Wabantu kila kilichopo ni nguvu. Hata hivyo nguvu si lazima iwe fahamu. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kazi yake ya mwaka 1956, alizichambua ngeli za Kinyarwanda akatenganisha umuntu, kiumbe chenye akili, na ikintu, kisicho nayo. Mzungumzaji wa Kiswahili hutenganisha vivyo hivyo kila asemapo mtu na kitu. Kwa upande wa dini, Mwislamu atakumbuka mafundisho kwamba viumbe vyote humsabihi Mungu, lakini hilo ni suala la imani, halikusudiwi kuwa nadharia ya elektroni.

Pingamizi kubwa dhidi ya pansaikizimu lilielezwa na Mmarekani William James mwaka 1890, na halijapata jibu linalokubaliwa na wote. Tuseme watu kumi wamefungiwa katika vyumba kumi, huyu akionja chumvi, yule tui la nazi, mwingine pilipili, mwingine ndimu. Hakuna hata mmoja atakayeijua ladha ya mchuzi. Basi mabilioni ya hisia ndogo ndogo za chembe huungana vipi kuwa hisia moja ya mtu mmoja? Asiyeweza kujibu hapa amelihamisha fumbo tu, hakulifumbua.

Aliyejaribu kulipa swali hilo vipimo ni Giulio Tononi, mtaalamu wa Kiitaliano aliyeko Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Nadharia yake ya mwaka 2004, ambayo Koch naye ameiunga mkono, yasema fahamu hupatikana popote habari zinapofungamana na kuwa kitu kimoja. Anatoa mfano wa ubongo wa kisogoni, unaoratibu mwendo wa mwili. Una takriban seli bilioni 69 kati ya bilioni 86 za ubongo wote, lakini ukiharibika mtu hupepesuka bila kupoteza fahamu, kwa kuwa sehemu zake hufanya kazi kila moja kivyake. Kwa kipimo hicho hicho kifaa kidogo sana huweza kuwa na tone la fahamu, ilhali kompyuta ya kawaida, hata ikizungumza kwa ufasaha, haina. Mwezi Septemba mwaka 2023 wataalamu 124 walitia saini barua ya wazi wakiiita nadharia hiyo sayansi bandia.

Ukali huo una sababu, kwani mjadala huu unafika hadi kitandani kwa mgonjwa. Mwaka 2006 watafiti nchini Uingereza walimweka katika mashine ya kupiga picha za ubongo msichana wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya barabarani, aliyekuwa haonyeshi dalili yoyote ya kuwasikia. Wakamwambia awaze kwamba anacheza tenisi. Ubongo wake ukaitikia kama wa mtu mzima wa afya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwapima wagonjwa 241 wasioitikia amri. 60 kati yao, yaani mmoja kati ya kila wanne, walionekana kuifuata amri hiyo kwa mawazo.

Wapo wagonjwa ambao hata mtihani huo hauwafikii, kwa kuwa wameumia sehemu za ubongo zinazoelewa maneno. Kwa ajili yao watafiti wa Milano, Italia, pamoja na wenzao, walitangaza mwaka 2013 njia isiyohitaji jibu. Ubongo hugongwa kwa sumaku kupitia fuvu, kisha mwangwi wake wa umeme hurekodiwa. Kwa aliye macho mwangwi husambaa na kubadilika-badilika; kwa aliye katika usingizi mzito au chini ya nusukaputi huwa mfupi au wa namna moja. Njia hiyo ilichipuka kutokana na fikira zile zile za Tononi, na wapo madaktari wanaoitumia ilhali hawakubaliani naye hata kidogo kuhusu elektroni.