Utata wa Kiingereza Mbele ya Mfasiri wa Kirusi

Wako watu wengi wanaodhani ya kuwa ibara yenye maana mbili ni taksiri ya mwandishi, na ya kuwa wajibu wa mfasiri anapokutana nayo ni kuisafisha mpaka ibakiwe na maana moja tu. Lakini mtu aliyezoea kusoma mikataba ya mataifa, au mashairi, au hata barua za wachumba, anajua ya kuwa aghalabu utata huo umetiwa kwa makusudi, na kwamba mwenye kuuondoa bila ya idhini amemsemea mwandishi jambo ambalo mwenyewe aliamua kulinyamazia. Mashaka haya huzidi Kiingereza kinapofasiriwa kwa Kirusi, kwani lugha hizi mbili, ingawa ni za ukoo mmoja wa mbali, zimekhitilafiana mno katika mambo zinayomlazimisha msemaji ayataje na mambo zinayomsamehe.

Sarufi ya kila lugha ni mfano wa forodha: iko mizigo isiyopita ila imefunguliwa na kuandikwa, na iko mingine ipitayo bila ya kuulizwa. Mwingereza akisema kwamba rafiki yake alikuja jana, haulizwi kama rafiki huyo ni mwanamume au mwanamke, wala sisi Waswahili hatuulizani. Mrusi hana ruhusa hiyo, maana rafiki wa kiume kwake ni drug na wa kike ni podruga, na hata akiikwepa nomino, kitenzi cha wakati uliopita kitamfichua, kwa kuwa prishol ni mwanamume aliyekuja na prishla ni mwanamke. Wala jambo hili halikomi kwa mtu anayetajwa, bali humgusa hata anayejisimulia mwenyewe, ambaye "nilisema" yake huwa skazal akiwa mwanamume na skazala akiwa mwanamke. Fikiri basi taabu ya mfasiri aliyekabidhiwa Written on the Body, riwaya aliyoitoa Jeanette Winterson mwaka 1992, ambamo msimulizi anazungumza juu ya mapenzi yake tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila ya msomaji kuelezwa kama ni mume au mke: siri ambayo Kiingereza kiliitunza kitabu kizima, Kirusi kingeitoboa kwa kitenzi cha kwanza tu cha wakati uliopita.

Kadhalika neno you, ambalo Mwingereza humwambia mkubwa wake, mtumishi wake, mkewe na mbwa wake, Kirusi hulikata vipande viwili, ty ya mtu wa karibu na vy ya heshima au ya wengi. Katika riwaya ya Kiingereza wapendanao waweza kuzungumza kurasa mia pasipo kujulikana ni siku gani hasa mahaba yao yalivuka mpaka wa adabu. Mfasiri wa Kirusi hana budi kuichagua siku hiyo yeye mwenyewe, na akiileta sura mbili mapema mno, amekwisha kuwabadilishia tabia.

Wakati mwingine sarufi hushinda hata pale ambapo mwandishi hakuacha utata wowote. Bagheera, yule chui mweusi wa kitabu cha Kipling cha mwaka 1894, ni dume bila ya shaka. Lakini kwa kuwa pantera ni nomino ya kike katika Kirusi, na jina lenyewe limekwisha kwa a, watoto wa Kirusi wamemjua tangu zamani kuwa ni jike, na bundi wa hadithi za Milne yamempata yayo hayo katika tarjuma mashuhuri ya Boris Zakhoder. Mimi sioni kwamba hadithi hizo zimeharibika, ingawa urafiki wa Bagheera na mtoto Mowgli umepata ladha nyingine.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Kirusi hakina maficho, kwani fundi wa lugha hiyo anazo njia zake. Akitaka kuisitiri jinsia ya msimulizi, ataacha kusema "niliondoka" na kutumia ile kauli isiyo na mtenda, mne prishlos uyti, yaani ilinibidi kuondoka, ambayo kitenzi chake si cha kiume wala si cha kike. Au atauhamishia usimulizi katika wakati uliopo, ambao vitenzi vyake havina jinsia. Au, ikiwa anayesemeshwa ndiye wa kufichwa, atamwita vy, kwa kuwa kitenzi hapo huchukua umbo la wengi, na wingi wa Kirusi haubagui. Ziko pia ibara ambazo utata wake huvuka salama bila ya hila yoyote. Mwingereza akitaja picha ya Repin kwa ile alama yake ya umilikaji, hujui kama Repin ndiye aliyeichora, au ndiye aliyechorwa, au ni mali yake tu aliyoinunua. Portret Repina ya Kirusi inazo maana hizo hizo tatu, na "picha ya Repin" ya kwetu vile vile, na mfasiri hapo hupata kupumzika.

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao kwa maoni yangu ndio wenye hatari zaidi, nao ni pale Kirusi kinaponyamaza kwa sababu hakina njia ya kusema. Tarehe 22 Novemba 1967, miezi mitano na kitu baada ya vita vya Juni baina ya Israeli na Misri, Jordan na Syria, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha kwa kura zote 15 Azimio namba 242, ambalo rasimu yake ililetwa na mjumbe wa Uingereza, Lord Caradon. Ibara moja ya azimio hilo ilitaka majeshi ya Israeli yaondoke katika territories zilizotekwa vitani, na mbele ya neno hilo hakikuwekwa kile kineno the. Kama kingewekwa, ingekuwa dhahiri kwamba yanatajwa maeneo yale yote yanayojulikana, yaani Sinai, Gaza, Ukingo wa Magharibi wa Mto Jordan pamoja na Jerusalem ya Mashariki, na milima ya Golan. Kwa kukosekana kwake, mwenye kutaka aweza kudai kwamba ni baadhi tu. Haikuwa sahau ya karani. Mwezi Julai wa mwaka huo huo rasimu ya nchi za Amerika ya Kilatini, iliyotaja maeneo yote kwa tamko bayana, ilishindwa kupata theluthi mbili katika Baraza Kuu, na baadaye Caradon na mwenzake wa Marekani, Arthur Goldberg, walieleza hadharani kwamba kineno hicho kiliachwa kwa kujua.

Nakala ya Kifaransa ilisema des territoires, ambapo des hiyo ni mchanganyiko wa "kutoka" na kibainishi chenye kuyaainisha maeneo, na upande wa Waarabu umeishika hoja hiyo mpaka leo. Ya Kirusi ilisema s territoriy, na kwa kuwa Kirusi hakina the wala a, ibara hiyo yaikubali maana ya "yote" na ya "baadhi" kwa usawa kabisa. Mjumbe wa Sovieti, Vasily Kuznetsov, alitangaza barazani siku hiyo hiyo kwamba serikali yake yaifahamu ibara kuwa ni maeneo yote. Nakala ya lugha yake haikumkanusha, wala haikumshuhudia.

Aweza mtu kusema basi kwamba mfasiri wa Kirusi alifaulu kwa ukamilifu, maana utata aliopewa ameufikisha. Mimi nasema amefaulu nusu. Katika Kiingereza ukimya ule unasikika, kwa sababu the ilikuwapo karibu na mkono wa mwandishi naye akaiacha, na msomaji mwangalifu huliona pengo. Katika Kirusi hakuna pengo la kuonwa, kwa kuwa hakuna kilichoondolewa, na msomaji wa Moscow asiyejua habari za nje hana dalili yoyote kwamba wanasiasa walishindana juu ya silabi moja. Maana mbili zimehifadhiwa, kusudi halikuhifadhiwa. Kiswahili chetu kiko katika hali iyo hiyo, kwani "maeneo yaliyotekwa" hayatwambii kama ni yote au si yote, na mwandishi wa gazeti letu mwenye kuongeza "yote" au "baadhi ya" ili sentensi ipendeze, ameingia vitani bila ya kujua.

Angefanyaje, basi, mfasiri yule? Angetia vsekh, yaani "yote", angekuwa ameupa ushindi upande mmoja, na angetia nekotorykh, yaani "baadhi", ameupa upande wa pili. Lililompasa ni kuiacha ibara kama ilivyo, kama ilivyofanyika, na nje ya maandishi, kwa waraka wa pembeni, kumweleza mjumbe wake kwamba Kiingereza kilikuwa na nafasi ya kusema the, nacho hakikuitumia.