Aleji: Usiseme Umerogwa, Kijue Kinachokudhuru

Tuseme uko Idodi, msimu wa kuvuna mpunga. Mnapiga mpunga shambani, vumbi la makapi limetanda. Wenzako wanapiga stori na kucheka tu. Wewe peke yako unapiga chafya mfululizo, macho yanawasha na kamasi zinachuruzika kama maji. Ukirudi nyumbani bibi anasema, "Mjukuu wangu, hilo ni jicho la watu." Rafiki yako naye anasema, "Ah, mafua tu hayo."

Nani kasema kweli? Huenda wote wawili wamekosea. Huenda una aleji, ambayo kwa Kiswahili sanifu inaitwa mzio.

MZIO NI NINI?

Mwili wako una walinzi wake. Kazi yao ni kupambana na vijidudu vya magonjwa. Kwa mtu mwenye mzio, walinzi hawa wanamkamata asiye na hatia. Wanaona vumbi, karanga au dawa, wanadhani ni adui, wanaanza vita. Katika vita hivyo mwili unatoa kemikali inayoitwa histamini. Hiyo ndiyo inayoleta muwasho, uvimbe, chafya na kamasi.

Neno aleji lilitungwa mwaka 1906 na daktari wa watoto kutoka Austria, Clemens von Pirquet. Kwa hiyo ni zaidi ya miaka 100 sasa tangu madaktari waanze kulichunguza jambo hili kwa jina hilo. Si uchawi, si laana. Wala hauambukizi! Unaweza kula sahani moja na mwenye mzio, kulala naye chumba kimoja, usipate chochote. Ila mzio hutembea katika familia: kama mama au baba ana pumu au ukurutu, watoto wako kwenye hatari zaidi ya kuwa na mzio.

SI KILA MUWASHO NI MZIO

Upupu ukikuangukia utajikuna, lakini upupu humwasha kila mtu. Huo si mzio. Ukinywa maziwa tumbo likaunguruma na kuharisha, mara nyingi ni tumbo kushindwa kusaga sukari ya maziwa, si mzio.

Na mafua je? Mafua huja na mwili kuuma, pengine na homa, kisha huisha baada ya siku kadhaa. Mzio hauleti homa, na hurudi kila unapokutana na kitu kilekile. Hapo ndipo pa kuchunguza: dalili zilianza lini, ulikuwa wapi, ulikula nini, ulipaka nini?

VITU VINAVYOSUMBUA WENGI

* Vya hewani: vumbi, chavua ya maua na majani, ukungu wa kuta zenye unyevu, manyoya ya paka na mbwa, na wadudu wadogo sana wasioonekana kwa macho wanaoishi ndani ya magodoro. Huleta chafya, macho mekundu, na kwa wenye pumu, kifua kubana.

* Vyakula: karanga, mayai, maziwa, samaki, ngano. Midomo huwasha, vipele vikubwa hutokea mwilini, tumbo huuma, pengine kutapika.

* Wadudu: nyuki na nyigu. Kila mtu akiumwa na nyuki huvimba pale pale alipoumwa. Mwenye mzio anaweza kuvimba hata usoni wakati ameumwa mguuni.

* Vipodozi: dada zetu, piko ile nyeusi ya kupaka mikononi na kwenye nywele huwa na kemikali inayoweza kuleta malengelenge. Hereni za bei nafuu zenye madini ya nikeli nazo hufanya masikio yatoe maji na kuwasha. Kaka, usicheke. Bakoli ya mkanda inaweza kukufanyia hivyo hivyo chini ya kitovu.

* Dawa: penisilini na jamaa zake kama amoksilini, na dawa za salfa kama Septrin. Hata SP, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania kuanzia mwaka 2001 mpaka ALu ilipochukua nafasi yake mwaka 2006, ina salfa ndani yake. Vipele vya dawa vinaweza kutokea siku kadhaa baada ya kuanza kumeza. Ukiona vidonda mdomoni, macho mekundu, au ngozi inatoa malengelenge na kuchubuka, usimeze kidonge kingine. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

HAPA SASA HAKUNA MZAHA

Mizio mingi ni kero tu. Lakini mara chache mwili mzima hulipuka kwa dakika chache baada ya kuumwa na nyuki, kula kitu au kuchomwa sindano. Hapo mtu anaweza kufa. Jifunze dalili hizi kwa moyo:

1. Kupumua kwa shida, kukoroma au kufoka kifuani.
2. Ulimi, midomo au koo kuvimba, sauti kukwaruza, kushindwa kumeza.
3. Kizunguzungu, kulegea, jasho la baridi, kuzimia.
4. Vipele kusambaa mwili mzima huku anatapika au tumbo linanyonga.

Ukiona moja ya dalili tatu za kwanza, au hiyo ya nne, usisubiri zote zitimie. Usiende dukani kununua Piriton ukakaa kungoja. Piriton hupunguza muwasho, lakini haifungui koo lililoziba. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, hudungwa kwenye paja, nayo iko kwa wahudumu wa afya. Usikipite kituo cha afya kilicho jirani eti unakimbilia Iringa mjini. Anza na kile cha karibu, rufaa itafuata.

Mkiwa mnasubiri usafiri, mlaze mgonjwa na kumwinua miguu. Kama anapumua kwa shida, mwache akae. Asitembee, asisimame ghafla, asipewe chakula wala kinywaji. Kama ni nyuki, msogezeni kwanza mbali na mzinga, kisha toeni mwiba haraka, kwa kucha au chochote kilicho karibu. Akipata nafuu, asikimbilie nyumbani. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa chache, kwa hiyo abaki chini ya uangalizi.

KUISHI NA MZIO

Poa, sasa unajua una mzio. Maisha hayajaisha! Funga kitambaa puani na mdomoni unapopiga mpunga au kufagia. Nyunyizia maji sakafu ya udongo kabla ya kufagia. Anika godoro juani, fua mashuka kwa maji ya moto. Kama una pumu, usitoke bila dawa yako ya kuvuta. Kama nyuki wanakudhuru, kazi ya kurina asali waachie wengine, wewe uza asali. Mkiwa bwenini, waambie wenzako na matroni au patroni wenu ni chakula gani huli na kwa nini. Si kudeka huko.

Na la muhimu kuliko yote: JUA JINA. Watu wengi husema, "Kuna kidonge cheupe kiliwahi kunitoa vipele." Vidonge vyeupe viko vingapi, ndugu yangu? Nesi atajuaje? Mwaka kesho utaumwa na utaandikiwa dawa ile ile. Safari hii inaweza isiishie kwenye vipele. Kwa hiyo ukipata mzio wa dawa, rudi ulikopewa, uliza jina lake, liandikwe kwa wino mwekundu juu ya daftari lako la matibabu. Mfundishe na mama jina hilo, maana siku utakayozimia wewe, yeye ndiye atakayejibu maswali.

Na bibi je? Usimgombeze. Kaa naye jioni, umweleze taratibu. Mwambie adui umemjua kwa jina, ni vumbi la mpunga, wala si mtu wa jirani.